Kati ya wangapi?

Mkeka wa mechi kumi una siri ambayo mwenye kibanda cha kubeti hana haja ya kuificha, kwa kuwa wateja wake hawaitafuti. Mchukue kijana anayeujua mpira kwelikweli, ambaye kila mechi anayoichagua ana nafasi ya asilimia 70 ya kupatia. Huyo habahatishi, wachambuzi wengi wa redioni hawamfikii. Akiweka mechi moja, anapatia mara saba katika kumi. Akiunganisha mbili, zote zinatiki mara 49 katika mia. Tano, mara 17. Kumi, hata mara tatu hazifiki: ni 2.8 katika mia. Mtabiri hodari kuliko wote pale kijiweni atachaniwa mkeka mara 97 katika kila mia, na kila mara atarudi nyumbani akiilaumu timu moja iliyomwangusha.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu, 0.7 kwa 0.7 mpaka zitimie kumi. Inafundishwa kwenye kozi za utangulizi wa takwimu vyuoni Tanzania, chini ya mada ya uwezekano, kwa mifano ya sarafu na dadu. Wanaoisoma ni vijana wa uhasibu, ununuzi na ugavi, uuguzi, ualimu, maendeleo ya jamii. Wengi wao ndio haohao wenye programu za kubeti kwenye simu. Kipindi kinaisha saa nne, saa nne na nusu mkeka unaandaliwa kwenye vimbweta, na dadu zimebaki ubaoni darasani.

Sababu mojawapo ni hofu, na hofu hiyo ina historia. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja katika kila watahiniwa watano. Wengi wanaingia chuoni wakishukuru kuachana na somo hilo, kisha muhula wa kwanza wanalikuta limebadili jina na limekaa linawasubiri. Wanafanya kile walichozoea kufanya kwa kitu kinachowatisha: wanakariri. Wanatafuta pasti pepa za miaka ya nyuma, wanameza fomula ya mkengeuko wastani na hatua za kujaza jedwali la marudio, na wanaomba Mungu awaepushe na sapu.

Maswali nayo yanawasaidia kukariri. Swali la kawaida linasema: kokotoa wastani na mkengeuko wastani wa data zifuatazo, 12, 15, 17, 21, 30. Kumi na mbili nini? Magunia ya mahindi, siku za mvua, wagonjwa wa wodi? Mwanafunzi haulizi, na mtunga swali hakukusudia aulize. Mtu anaweza kupata A ya kozi nzima bila kukutana hata mara moja na namba yenye mwenyewe.

Mimi nadhani kozi yote ingeweza kusimama juu ya swali moja ambalo hata muuza nyanya hulitumia: kati ya wangapi? Kila asilimia ni sehemu. Juu ya mstari kuna kiasi, chini kuna asili. Tangazo la biashara, mgombea jukwaani, muuza dawa stendi, wote hutupa kiasi kwa kipaza sauti. Asili wanatuachia tuitafute wenyewe. Picha ya mshindi wa jakipoti aliyeshika hundi kubwa kama mlango ni kiasi: mtu mmoja. Asili yake ni mikeka yote iliyowekwa kipindi hicho, na hiyo haipigwi picha.

Hata odi zinasomeka kwa swali hilohilo. Tuseme mechi imepewa odi 2.50 kwa mwenyeji, 3.10 kwa sare na 2.70 kwa mgeni. Gawanya moja kwa kila odi, utapata asilimia 40, 32.3 na 37. Jumlisha: 109.3. Matokeo yote ya mechi hayawezi kuzidi asilimia 100, kwa hiyo hizo tisa na ushei ni ujira wa kampuni, umeshakatwa kabla refa hajapuliza filimbi. Kwenye mechi moja maana yake ni kwamba, ukiwachukua waliobeti wote kwa pamoja, kila shilingi 100 inarudi kama 91. Kwenye mkeka ujira huo unakatwa katika kila mechi, mmoja juu ya mwingine. Mechi kumi za aina hiyo, shilingi 100 zinarudi kama 41. Kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kuipiga hesabu hii kwenye simu ileile anayobetia. Sijaona mtihani uliomtaka aipige.

Mikopo ya mitaani, ile iliyobatizwa jina la kausha damu, nayo hujieleza kwa asilimia. Tuseme mama anayeuza mboga anapewa 200,000 na kuambiwa arejeshe 8,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 240,000, riba ni 40,000, yaani asilimia 20 kwa mwezi. Ni kubwa, lakini anaona anaweza kuibeba. Sasa uliza: asilimia 20 ya fedha ipi? Laki mbili kamili alikaa nazo siku moja. Kesho yake alianza kurudisha, na ilipofika katikati ya mwezi karibu nusu ya mtaji ilikuwa imesharudi kwa mkopeshaji. Ukichukua mwezi mzima, fedha ya mkopeshaji iliyokuwa ikimzungukia kwenye meza yake ya mboga ni wastani wa kama laki moja. Riba ya 40,000 kwa laki moja ni asilimia 40 hivi kwa mwezi. Mama hakudanganywa hata namba moja. Alihesabiwa riba kwenye fedha ambayo nusu ya mwezi hakuwa nayo.

Mfano ambao ungepaswa kuwa wa kwanza kwa wanafunzi wa uuguzi na maabara ni ule wa taifodi. Ni kazi kumpata Mtanzania mtu mzima ambaye hajawahi kuambiwa ana taifodi, mara nyingi pamoja na UTI, kwenye karatasi moja. Kipimo kilichotumika sana kwa miaka mingi ni cha Widal, kilichoanzishwa mwaka 1896. Kinatafuta kingamwili kwenye damu, na kingamwili hizo zinaweza kuwamo kwa sababu ya maambukizi ya zamani, ya chanjo, au ya vijidudu vingine vya jamii hiyo. Kwa hiyo kinawanasa wagonjwa, na kinawasingizia wengine.

Wangapi? Namba zinazofuata nimezichagua mimi ili hesabu ionekane. Tuseme watu 1,000 wenye homa wamepimwa, na wenye taifodi kweli ni 20. Tuseme kipimo kinanasa wagonjwa 80 katika kila mia, na kinasingizia watu 15 katika kila mia ya wasio nayo. Katika wale 20 kitanasa 16. Wasio nayo ni 980, na asilimia 15 yao ni 147. Watakaotoka maabara na karatasi inayosema wana taifodi ni 163, na wenye ugonjwa miongoni mwao ni 16. Mmoja katika kumi. Wengine watameza antibayotiki ambazo hawazihitaji, huku homa iliyowaleta hospitali ikiendelea na safari yake.

Ukimuuliza mtu aliyesikia tu kwamba kipimo kinanasa asilimia 80, atakwambia mwenye karatasi ana uwezekano wa asilimia 80 wa kuwa na ugonjwa. Amechanganya asili mbili: 80 katika mia ya wagonjwa, na 16 katika 163 ya walioambiwa ni wagonjwa. Darasani jambo hili linaitwa kanuni ya Bayes na linaandikwa kwa herufi, mabano na vistari vya wima, na nusu ya darasa huliruka kwenye mtihani. Ukilisimulia kwa watu 1,000 waliopanga foleni, halimshindi mtu. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, ametumia miaka mingi kuonyesha hilo: hata madaktari wanaoteleza wakipewa asilimia hupata jibu kwa urahisi zaidi wakipewa idadi ya watu. Simwambii msomaji akwepe maabara. Namwambia kwamba ana haki ya kumuuliza daktari kama damu yake inaweza kuoteshwa maabara, vijidudu vyenyewe vionekane, kabla ya kuanza dozi.

Wastani nitaupitia haraka kwa sababu umeshasemwa sana. Ofisi yenye wafanyakazi tisa wa 300,000 na bosi mmoja wa milioni tano ina wastani wa mshahara wa 770,000, na hakuna anayelipwa kiasi hicho. Ukiwapanga kwa foleni na kumuuliza aliyesimama katikati, atakutajia 300,000. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kwa pato la mwaka 2019 la dola 1,080 kwa kila mtu. Mabishano yaliyofuata kwenye daladala na vijiwe vya kahawa, kwamba mbona mfukoni hamna kitu, yalikuwa kwa sehemu kubwa ni mabishano kati ya wastani na mtu wa katikati ya foleni. Pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli.

Mfumuko wa bei unastahili kituo kirefu kidogo, kwani hapo watu hudhani wanaongopewa na Serikali. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima bei kwa kapu la bidhaa na huduma 383, na katika kapu hilo vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Huo ni mgawanyo wa matumizi ya taifa zima, mwenye nyumba Masaki ndani yake na mwenye genge Manzese ndani yake. Chukua kaya ambayo asilimia 60 ya matumizi yake inaishia kwenye unga, mchele, mafuta na maharage. Vyakula vikipanda asilimia 10 na vingine vyote vikasimama palepale, kapu la taifa litapanda asilimia 2.8, na la kaya hiyo asilimia 6. Namba ya Serikali ni sahihi na mama aliyerudi sokoni analalamika yuko sahihi. Kila mmoja amegawanya kwa kapu lake. Ningefurahi kuona zoezi la muhula likiwa hilo: mwanafunzi aandike matumizi ya kwao kwa mwezi, apange uzito, kisha akokotoe mfumuko wa bei wa nyumbani kwao na kuulinganisha na taarifa ya mwezi ya ofisi hiyo, ambayo hutolewa kwa umma bure.

Kuna sehemu nyingine ambayo asili hupotea bila mtu yeyote kuficha kitu: pale unapomuuliza asiye sahihi. Tuseme kwenye ruti moja zimepita daladala mbili, moja ina abiria 50 na nyingine ina 10. Waulize makondakta walibeba watu wangapi: wastani ni 30. Sasa waulize abiria wote 60 walipopanda walikuwa wangapi ndani. Hamsini watakwambia tulikuwa 50, kumi watakwambia tulikuwa 10, na wastani wa majibu unafika 43. Hakuna aliyetia chumvi. Daladala iliyojaa ina mashahidi wengi, iliyo tupu haina wa kuisemea. Ndiyo maana mwenye gari analia biashara mbovu wakati abiria wanalia kubanana, na wote wawili wanazungumzia asubuhi ileile.

Wazazi wanaotafuta shule wana mtego wao. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, wakati wa kutoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, lilitangaza kuachana na utaratibu wa kutaja shule na watahiniwa kumi bora. Wengine walisikitika, wengine walishangilia, na hoja zilikuwa za biashara ya shule binafsi na haki ya shule za kata. Hoja ya kitakwimu haikupata nafasi kubwa, nayo ndiyo iliyonivutia mimi. Fikiria shule mbili zilizo sawa kabisa kwa ualimu na kwa wanafunzi, ambako kila mtahiniwa ana nafasi ya asilimia 60 ya kupata daraja zuri. Moja ina watahiniwa 300, nyingine 30. Kwa bahati tu ya mwaka hadi mwaka, ile kubwa itakuwa ikicheza kati ya asilimia 54 na 66. Ile ndogo itacheza kati ya 42 na 78. Mwaka inapopata 78 itapigwa picha na kuongeza ada. Mwaka inapopata 42 mkuu wa shule ataondolewa. Walimu na wanafunzi ni walewale kwa ubora. Kwenye orodha yoyote ya namna hiyo shule ndogo hujazana kileleni, na anayekwenda kuangalia mkiani atazikuta huko pia, ila nani huangalia mkiani? Baraza lenyewe lilikuwa likilijua tatizo, kwani kwa miaka lilizitenga shule zenye watahiniwa wachache na zenye wengi katika orodha mbili.

Mahali ambapo kozi ya mwaka wa kwanza huja kudaiwa ni mwaka wa mwisho, kwenye utafiti. Ingia maktaba ya chuo, nenda kwenye rafu ya tasnifu za shahada ya kwanza, fungua sura ya tatu ya yoyote ile. Kuna uwezekano mkubwa utakuta sampuli ya watu 98, au 99, au 100. Wakulima ni 99, wateja wa benki ni 98, wajasiriamali wa soko ni 100. Mgeni angeweza kudhani kuna amri ya wizara. Kilichopo ni fomula ya Taro Yamane, iliyomo kwenye kitabu chake cha utangulizi wa takwimu cha miaka ya 1960: chukua idadi ya watu wote, igawanye kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unaloliruhusu. Ukiruhusu kosa la asilimia 10, watu 1,000 wanakupa sampuli ya 91. Watu 5,000 wanakupa 98. Watu 20,000 wanakupa 99 na nusu. Weka Watanzania wote wa sensa ya 2022, 61,741,120, utapata 100.

Fomula haijakosea. Inasema kweli moja ambayo wengi huikataa wakiisikia mara ya kwanza, kwamba sampuli haihitaji kukua sambamba na idadi ya watu. Tatizo ni vitu viwili ambavyo tasnifu huvisahau zikishaipata 99 yao. Cha kwanza ni lile kosa la asilimia 10 lenyewe. Sura ya nne itaandika kwamba wengi wa wahojiwa, asilimia 54, waliridhika na huduma, na hitimisho zima litajengwa juu yake, wakati kwa sampuli hiyo ukweli unaweza kuwa 44 au 64. Hakuna "wengi" hapo.

Cha pili ni kizito zaidi. Fomula inachukulia kwamba kila mtu kwenye idadi yote alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Dodoso lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, likajazwa na wenye bando na wenye huruma, halikumpa kila mtu nafasi sawa, na kuongeza wahojiwa hakulitibu. Somo hili Wamarekani walilipata kwa aibu mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu kama milioni 10, majina yakiwa yametolewa kwa wingi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni mbili, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon atashinda urais kwa asilimia 57. Franklin Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Katikati ya mdororo wa uchumi, mwenye simu na gari hakuwa Mmarekani wa kawaida, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na waliozitupa. Mtafiti wa kura za maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo kwa mbali lakini iliyopangwa vizuri zaidi, alimtaja mshindi. Jarida lilikufa mwaka 1938.

Nikiwasema walimu ni lazima niwatetee pia. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 400 na wiki mbili za kusahihisha atatunga swali ambalo jibu lake ni namba moja, kwa sababu namba moja inasahihishwa kwa sekunde. Swali la kati ya wangapi linazaa aya 400, kila moja na mwandiko wake. Hapo ndipo mageuzi yote ya mtaala yanapokwama, na sidhani semina za walimu zitayakwamua. Njia iliyo karibu ni ndogo: katika mtihani wa maswali matano, moja liwe kipande cha gazeti cha wiki hiyo chenye asilimia ndani yake, na mwanafunzi aandike mistari mitatu tu. Asili ni ipi, nani aliulizwa, na namba gani nyingine angehitaji kabla ya kuamini. Mistari mitatu mwalimu anaweza kuisoma. Pasti pepa ya swali hilo haitamsaidia mtu mwaka unaofuata, kwa kuwa gazeti litakuwa jingine.